Sauti ya Bibi Garini

Kila siku nikitoka shule nafikia karakana ya mama. Mama ni fundi wa redio za magari, na mimi ndiye mshika bisibisi. Huniita Chiriku kwa sababu mdomo wangu haupumziki.

Siku ile alikuwa anafunga amplifaya, kifaa cha kuipa sauti nguvu, kwenye gari la babu, baba yake. Babu aliomba jambo moja tu: amsikie vizuri marehemu bibi, ambaye sauti yake ilibaki kwenye simu.

"Skrubu hizi za amplifaya usiziguse," mama alinionya. "Si za kuongeza sauti. Zinalinganisha nguvu ya redio na ya amplifaya." Akaenda kunawa mikono.

Mimi nami! Nilijua sikio la kulia la babu halisikii. Nikamwonea huruma, nikaizungusha skrubu ya spika za kulia mpaka mwisho.

Babu akaja, akaketi kwenye usukani, akaunganisha simu na redio. Sauti ya bibi ikatoka inakwaruza, kama mtu anayeongea ndani ya debe. Babu akazima.

"Basi, mwanangu," akamwambia mama polepole. "Rekodi imeharibika. Nimempoteza mara ya pili."

Lo! Ningenyamaza, nani angejua? Lakini macho ya babu yalikuwa yamelowa, nami nikashindwa kuvumilia.

"Rekodi ni nzima, babu," nikasema huku nalia. "Ni mimi niliyechezea skrubu. Nilitaka usikie hata kwa sikio bovu."

Mama hakugomba. Alinipa bisibisi. "Aliyeharibu ndiye atakayetengeneza."

Tukarudisha skrubu zote mwanzo, tukaiwasha tena rekodi ya bibi, tukaongeza sauti ya redio hadi robo tatu. Nikazungusha skrubu ya kulia taratibu. Sauti ilipoanza kukwaruza, mama akasema, "Hapo! Rudi nyuma kidogo." Ikatakata. Tukafanya vivyo hivyo kushoto, mpaka pande zote zikalingana.

"Mzee, chakula kinapoa!" bibi akaita kutoka kwenye spika.

"Naja, mama watoto!" babu akajibu, kisha akacheka na kulia kwa pamoja.

Mama akanishika bega. "Hata ukimpenda mtu, uliza kwanza kabla ya kugusa. Ila umekiri mapema, Chiriku, ndiyo maana tumeweza kurekebisha. Ungenyamaza, babu angeondoka na huzuni ya bure."

Babu akapigapiga kiti cha kushoto, upande wa sikio lake zima. "Njoo ukae hapa, mjukuu wangu. Ukitaka nikusikie, huna haja ya skrubu."