Kahawa Nyeusi ya Aune

Aune Kettunen, bibi wa miaka themanini na miwili, aliteleza kwenye ngazi za sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke, akavunjika nyonga. Hospitali ya mji ilimpokea vizuri, kisha ikamnyima kahawa.

Juu ya kitanda chake palining'inia kibao chekundu: ASILE, ASINYWE. Siku ya kwanza upasuaji uliahirishwa. Siku ya pili, saa nane mchana, alikuwa bado anangoja. Binti yake, Hilkka, alimkuta midomo imekauka, macho yanatangatanga.

"Hilkka, umekamua ng'ombe?"

Ng'ombe hao waliuzwa miaka thelathini iliyopita. Hilkka aliingiwa na hofu. Jana tu mama huyu alikuwa akijaza chemshabongo ya gazeti kwa kalamu ya wino!

Alimfuata muuguzi, Raakel.

"Sista, mama yangu hajanywa hata tone tangu jana usiku. Kwa nini?"

"Chumba cha upasuaji kinaweza kumwita wakati wowote."

"Na kisipomwita? Mtamkausha kama samaki?"

Raakel alivuta faili nene kabatini.

"Sitakudanganya. Mwongozo unasema asile kwa saa sita kabla ya nusukaputi. Lakini maji, hata kahawa isiyo na maziwa, anaruhusiwa mpaka zibaki saa mbili, daktari asipokataza. Mzee akikaukiwa, akili nayo huweza kuyumba."

"Mwongozo huo mnao tangu lini?"

"Miaka minne."

"Miaka minne umelala kabatini!"

"Wodini hatuambiwi saa ya upasuaji. Tukihofia lawama, tunawafungisha wote. Na wagonjwa wetu hawalalamiki. Ukiwauliza, husema wako sawa tu."

"Basi leo nalalamika kwa niaba yao wote. Sibanduki hapa."

Akavuta kiti, akaketi katikati ya korido. Raakel alimtazama, akanyanyua simu kumpigia Olavi, daktari wa nusukaputi.

"Zamu ya Aune ni saa ngapi?"

"Si kabla ya saa kumi na mbili jioni."

"Anaweza kunywa?"

"Mpaka saa kumi. Kwani hanywi?"

Raakel alikishusha kile kibao kwa mkono wake mwenyewe, akaleta kahawa nyeusi. Aune alikunywa kikombe kizima, akakunja uso.

"Hafifu. Haya, kawaangalie ng'ombe."

Hilkka alicheka huku akilia. Jioni hiyo Aune alipasuliwa. Siku ya tatu aliomba gazeti na kalamu.

Raakel hakuishia hapo. Aliandika karatasi moja, akaipeleka kwenye kikao cha wodi. Ilitaka kila siku, saa moja asubuhi na saa sita mchana, daktari wa nusukaputi apige simu kutaja saa za upasuaji. Muuguzi wa zamu aandike saa hiyo kwenye kibao. Upasuaji ukiahirishwa, jikoni walete chakula papo hapo.

"Lakini ile njia ya zamani tumeitumia siku zote," alinung'unika muuguzi mkuu.

"Na siku zote tumewatesa wazee," alisema Raakel. "Mwongozo unasema nini kifanyike. Karatasi hii inasema nani afanye, na saa ngapi. Nani hapa anakataa?"

Hakuna aliyekataa.

Vuli ilipofika, Aune alirudi kupimwa mguu, akitembea kwa mkongojo. Alichungulia wodini. Juu ya kitanda cha mzee mmoja kibao kilisema: ANYWE MPAKA SAA TISA.

"Kahawa ikoje?" Aune aliuliza.

"Niko sawa," alijibu mzee.

"Sikukuuliza hivyo."

Mzee alikitazama kikombe. "Hafifu."

"Basi waambie!" alisema Aune. "Siku hizi wanasikia."