Gari Lililojaribiwa Tupu

Siméon ni karani wa ofisi hapa Gisenyi, Rwanda. Ni mtu wa maneno machache. Akimpenda mtu hasemi, bali hununua kitu.

Mkewe Pascasie huvuka mpaka kila asubuhi kwenda kuuza karoti Goma. Wanaishi mtaa wa Nengo. Gari lao ni dogo lakini limeinuka kidogo, kama yale ya kupanda milima. Siku za kazi linapumzika nyumbani. Jumamosi linabeba magunia ya karoti kutoka Kanzenze.

Huko Kanzenze ndiko alikoolewa binti yao, Ingabire. Majuzi alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Siku ya kutoka hospitali, baba yake alimrudisha kwa mumewe, Gentil. Lami ilipoisha yakaanza mawe ya volkano, meusi na makali. Kwa kila jiwe Ingabire alishika tumbo na kulia.

"Papa, polepole. Kidonda inauma sana."

"Niko polepole, mutoto wangu."

Na kweli alikuwa polepole. Hata mbuzi walimpita. Lakini kilio hakikukoma.

Muuguzi alikuwa amesema arudi baada ya wiki mbili, kidonda kiangaliwe. Walipofika nyumbani, Ingabire alishuka amejikunja.

"Papa, sitarudi na hii njia. Kidonda itapona yenyewe."

Maneno hayo yalimkaa Siméon kifuani. Aliogopa kidonda kitaharibika. Akawaza, tairi kubwa hukanyaga mawe kwa upole. Basi akanunua manne makubwa, yaliyokwisha kutumika.

Jirani yao Resty ana karakana ya matairi. Lakini Resty na Pascasie huambiana kila kitu, na Siméon alitaka kumshangaza mkewe. Akaenda kwa fundi mwingine. Fundi yule alifunga matairi, akazungusha usukani kidogo, gari likiwa tupu. Matairi hayakugusa kitu. Siméon akarudi nyumbani ameinua kidevu.

Jumamosi walikwenda guhemba, yaani kumtembelea mama aliyejifungua na kumpelekea chakula na kinywaji. Hakuna anayekwenda mikono mitupu. Ndani ya gari walikuwa Siméon, Pascasie, dada yake Siméon aitwaye Vénantie, na wanawake wawili wa kanisani. Nyuma kulikuwa na mchele, unga wa uji, ndizi, na kibuyu cha maziwa.

Kwenye kona ya kupanda, gari likatoa sauti: kraaa! Ikaja harufu ya mpira.

"We Siméon, nini inaungua?" Vénantie aliuliza.

Siméon alishuka. Tairi la mbele lilikuwa limesugua plastiki ya ndani ya madigadi. Lilikuwa limekatika ubavuni, upana wa kidole. Aliligusa pale lilipokatika.

"Kama Ingabire na mutoto wangekuwa ndani..." alisema.

Pascasie angeweza kumkemea. Badala yake alimshika mkono.

"Ulifanya sababu ya mutoto. Mi najua. Bon, twende kwa Resty."

Walifunga tairi la akiba. Wageni waliendelea kwa pikipiki, Vénantie amekumbatia kibuyu. Mume na mke wakarudi mjini taratibu.

Resty alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Resty, mi nimeharibu."

Resty alichuchumaa akasoma ubavu wa tairi. Kisha akafungua mlango wa dereva. Palikuwa na kibandiko chenye namba: 225/65 R17.

"Hii 225 ni upana. Hii 65 inaonyesha kimo cha ubavu. Hii 17 ni rimu. Hukuwahi kuisoma, baba?"

Hakuwahi. Miaka sita ana gari hilo! Na yeye ni karani, kutwa anasoma karatasi za watu.

"Tairi la gari lako lina kimo cha sentimita sabini na mbili," Resty alisema. "Haya uliyonunua yana sabini na saba. Ukitaka kuongeza, usizidi asilimia tatu. Kwa gari hili ni kama sentimita mbili tu."

"Lakini tulijaribu. Haikugusa."

Resty alicheka. "Mlijaribu likiwa tupu. Nyinyi mnaokwenda guhemba, lini mlisafiri na gari tupu? Likijaa, mwili unashuka. Tairi likikanyaga jiwe, linapanda. Hapo ndipo linagusa. Lijaribuni kama mnavyosafiri."

Kisha akauliza, "Upepo unajaza kiasi gani?"

"Bar tatu na nusu. Ni sababu ya magunia ya karoti."

"Hata siku ile ulipombeba Ingabire?"

Siméon aliitikia kwa kichwa.

"Kibandiko kinasema mbili na robo. Tairi lililojazwa kupita kiasi ni gumu. Linaruka juu ya jiwe badala ya kubonyea. Ukibeba mzigo, kibandiko kina kipimo chake. Ukishusha mzigo, punguza upepo."

Siméon akaketi. "Kumbe ni mi nilimuumiza."

"Hukujua, baba."

Resty alileta matairi mapya manne ya 235/65 R17. Kimo kiliongezeka sentimita moja na kidogo. Yote manne yalikuwa sawa, na namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba haikuwa chini ya ile ya tairi la zamani. Pascasie akaita majirani watatu waketi ndani na magunia mawili. Waliketi wakicheka. Resty alikunja usukani hadi mwisho, kulia, kisha kushoto. Akapitisha mkono kati ya tairi na plastiki. Nafasi ilikuwepo. Majirani waliposhuka, akaweka upepo wa mbili na robo.

"Ukienda kilomita hamsini, urudi nikaze nati. Na mshale wa mwendo ukisema sitini, jua uko sitini na moja, maana tairi ni kubwa zaidi. Kamera ya barabarani haina huruma."

Siku ya hospitali ilifika, Siméon na Pascasie wakaenda Kanzenze. Ingabire alisimama mlangoni na mtoto wake.

"Papa, sitaki."

"Siku ile upepo ilikuwa mingi," Siméon alisema. "Kosa ni yangu, si ya njia. Unisamehe, mutoto wangu. Panda mpaka kona tu. Ikiuma, tunarudi."

Ingabire hakuwahi kumsikia baba yake akiomba msamaha. Akapanda.

Walifika penye mawe. Siméon alisikiliza kwa hofu. Gari liliyumba kidogo, likapita. Walifika kona. Ingabire hakusema turudi.

Hospitalini muuguzi alifungua bandeji ya kidonda, akakunja uso. Pembe moja ilikuwa imeanza kutunga usaha.

"Mumekuja saa muzuri," alisema. "Mungekawia, tungemulaza hapa."

Alikisafisha, akatoa dawa. Pascasie alifunga macho akamshukuru Mungu.

Wakati wa kurudi Siméon aliendesha taratibu mno. Pikipiki zikampita, baiskeli zikampita. Ingabire akainama mbele, akaweka mkono begani kwa baba yake.

"Papa, ongeza kidogo. Mi siko na maumivu, na Gentil anatungojea."

Siméon alifuta macho kwa mkono mmoja, akaongeza mwendo.