Kahawa Aliyoikataa Polikarpi

Mabinti, na nyie mama zao, someni hii kabla hamjamfukuza mtu.

Ilikuwa Kayanga, siku ya gulio, mwaka tisini na moja. Kemigisha, muuguzi wa hospitali ya Nyakahanga, gauni la njano, viatu mkononi kwa ajili ya tope, alipigana kikumbo na kijana mwenye suti nyeusi tii, jasho linamchuruzika.

"Pole na msiba, kaka."

"Sina msiba. Nasoma sheria."

"Basi pole zaidi."

Hapo hapo kijana huyo, Polikarpi, akaisha kwa mapenzi. Alikuwa mtoto wa kijiji cha Kibingo, yuko mwaka wa mwisho chuoni, amekuja kujifunza kazi kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Akamsindikiza njia nzima akimsimulia chuo chao: mwaka wa mwisho ni suti nyeusi tu, jua liwe kali vipi, ukumbini zimetundikwa picha za waliosoma pale, majaji, mabalozi, mawaziri, na kila Jumatatu wanafunzi hupita wakiziamkia.

Kemigisha alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. "Picha mnaziambia shikamoo? Zinaitikia?"

"Ninayoiogopa ni moja, ya jaji mmoja mzee. Mbele yake tunaapa."

Binti hakuuliza wanaapa nini, kicheko kilimzidi. Wanangu, muwe mnauliza.

Kahawa ilipoiva, Polikarpi akaja kujitambulisha. Nyasi mbichi zimetandikwa sebuleni, ndizi zinanukia. Mzee Kaijage, baba wa binti, akaleta mwenyewe kikapu cha kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu mgeni akiipokea amepokea ukoo mzima. Huku anakinyoosha, akataja kwamba wiki ijayo ana kesi ya mpaka wa shamba kwa hakimu yule yule.

Polikarpi akarudisha mikono nyuma. "Si leo, mzee. Niwie radhi." Akaaga, chakula hakukigusa.

Mzee alisema kijana yule asikanyage tena pale, na binti akimfuata asimwite baba.

Kesho yake simu ikalia hospitalini.

"Kemi wangu, nisikilize."

"Kawaamkie wazee wako wa ukutani."

"Yule jaji hakula kamwe kwa mtu mwenye kesi mbele yake. Ndicho tulichoapa, mpenzi."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie baba yako ananihonga? Kesi ikiisha nitakuja."

"Na akishindwa?"

"Nitakuja vilevile."

Mzee akashindwa kesi. Miti ya mpaka ilionyesha kipande kile ni cha jirani. Jioni ile ile mzee amekaa na hasira zake, suti nyeusi ikatokea migombani. Kemigisha, kitenge chekundu kimemkaa, alishika mlango.

Polikarpi akapiga magoti. "Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba kahawa yangu."

"Nimeshindwa ndiyo unakuja?"

"Leo huna kesi, mzee."

Mzee akamtazama sana. Akamuuliza, angeila siku ile, yeye angeshinda? Polikarpi akajibu kwamba hukumu ingekuwa ile ile, ila hata kama mzee angeshinda kwa haki, jirani angesema ni kazi ya mkwe.

"Mkwe? Nani kakuita mkwe?" Halafu kicheko kikamtoka mzee kwa nguvu. "Kemigisha, lete kikapu."

Polikarpi alipokea kwa mikono miwili, akatafuna, punje moja akambakizia binti kiganjani. "Utanipokea?"

Kemigisha akaitia mdomoni. "Nimekupokea. Ila hiyo suti ya msiba, siku ya harusi ibaki na picha zako."