Siku Aliyozaliwa Mas Jito

"Mimi ni Wage, Sini."

Jito aliyasema hayo akiwa ameinamia kidirisha cha tiketi, na nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu waliotaka kuona picha ya Kihindi ya saa tisa mchana. Warsini alikuwa anakata tiketi. Mkono ukasimama.

"Wage?"

"Wage. Nimemuuliza Mbok, mama yangu, nyumbani, kaniambia mwenyewe."

"Mas Jito, usinitanie kazini."

"Ningekuwa natania ningekuja na sura hii?"

Siku za soko ni tano: Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon, na kila mtu anazaliwa na yake. Warsini alizaliwa Pahing. Na Pahing haolewi na Wage, mji mzima wa Solo unalijua hilo, hata kichaa wa stesheni. Wakioana, mmoja anatangulia kaburini na mwingine anabaki kuhangaika na njaa.

"Wazee ningepambana nao," Jito alisema, sauti imemkauka vizuri kabisa. "Hata shangazi yako, Bulik Tumi, ningepambana naye. Lakini kukuoa halafu nikuzike, Sini, hilo siwezi. Nakupenda mno."

"Dada, mapenzi baadaye," mtu akasema kutoka kwenye foleni. "Picha inaanza."

Jito akajitoa pale dirishani taratibu, akaenda zake bila kugeuka. Warsini akaendelea kuuza tiketi huku machozi yanamdondokea juu ya meza, na wateja wakadhani ni zile nyimbo zinazotoka ndani.

Walikuwa wamependana miaka miwili. Jito alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwenye gitaa na nywele zilizosimama mbele kwa mafuta, fundi wa nyimbo za Wazungu. Redio ilipoacha kupiga nyimbo hizo, na walimu wakaambiwa wawe mfano kwa watoto, alinyoa nywele na kuanza kupiga nyimbo za nyumbani. Warsini akampenda vilevile. Tena akampenda zaidi, maana alimwonea huruma.

Na ile ilikuwa miaka ya kuoneana huruma. Mchele ulipanda Jumatatu, ukapanda tena Alhamisi, mafuta ya taa yakawa ya kupangiwa foleni alfajiri, na familia zilizokuwa zikijidai zina heshima zao zikaanza kuchanganya wali na makopa ya muhogo, zikisema eti ni kwa ajili ya ladha. Mwalimu alipata mgao wa mchele wa serikali, wenye mawe na wadudu lakini ni mchele. Ndiyo maana Bulik Tumi, shangazi aliyemlea Warsini tangu wazazi wake wafariki, hakuleta pingamizi hata kidogo. Alichouliza ni siku tu. Alimwambia Jito kwamba binti ni Pahing, naye aende akaulize yake. Jito akajibu kwamba yeye kijana wa kisasa hata haikumbuki siku yake, atamuuliza mama yake huko Wonogiri. Wiki tatu baadaye akarudi na hiyo Wage.

Bulik Tumi alilia, lakini alilia kama mtu anayefunga mlango. Akasema Mungu atatoa mwingine.

Warsini hakutaka mwingine. Alikaa siku kadhaa hali, halali, halafu akakumbuka kwamba wazee wana njia. Mtu mwenye siku mbaya anaweza kutupwa: anawekwa jalalani, ndugu zake wanamkana, mtu mwingine anapita na kumwokota, anapewa jina jipya, na ile siku ya kuokotwa ndiyo inakuwa siku yake. Mara nyingi wanafanyiwa watoto wachanga. Yeye alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa tayari kulazwa kwenye maganda ya ndizi mbele ya mtaa mzima, ilmradi aolewe na Jito. Aliyemhitaji ni mtu wa kumwokota, na alitaka awe mama yake Jito mwenyewe.

Basi bila kumwambia mtu akapanda treni ya Wonogiri. Njia ya kutoka stesheni hadi kijijini ilijaa kina mama wenye vikapu mgongoni wakienda kwenye soko la Kliwon, na mmoja wao ndiye aliyemwonyesha nyumba ya Mbok Nah, mama yake Jito.

Mbok Nah alikuwa jikoni, amechuchumaa anapuliza moto. Aliinua macho, akamtazama mgeni kuanzia viatu hadi nywele.

"Wewe ndiye yule wa sinema."

"Ndiyo, Mbok. Naitwa Warsini."

"Umekuja kunicheka?"

"Kukucheka? Nimekuja kukupigia magoti, Mbok."

"Magoti ya nini? Mwanangu ulimwambia humtaki, mwalimu ni fukara, utakula chaki. Alinisimulia hapo hapo ulipokaa. Alilia kama mtoto mdogo."

Warsini hakuelewa. Mama yule akamhurumia kidogo, au labda ni adabu tu, akamsogezea kigoda.

"Haya, kaa. Huu uji siwezi kumnyima mtu. Siku ya mwanangu hata adui anaonja."

Palikuwa na vibakuli viwili, kimoja cha uji mweupe, kingine mwekundu kwa sukari ya mnazi. Mchele mwenyewe ulikuwa ngumi moja tu, na pembeni, kwenye sufuria ya chakula chake yeye mwenyewe, palikuwa na makopa yaliyopondwa, meusi.

"Siku ya nani, Mbok?"

"Ya Jito. Tangu azaliwe sijaruka hata moja. Leo si Kliwon? Hukuwaona watu wa sokoni?"

Warsini aliwaona. Aliwaona wote, na vikapu vyao. Akashika ukingo wa kile kigoda kwa mikono miwili.

"Mbok, Jito ni wa Kliwon?"

"Nilimzaa mimi. Unanifundisha?"

"Aliniambia ni Wage." "Mimi ni Pahing. Alijua mimi ni Pahing, ndipo akasema yeye ni Wage."

Mbok Nah hakuhitaji kuelezwa zaidi, maana alikuwa mtu wa hesabu hizo tangu usichana. Kliwon na Pahing hazina ubaya wowote. Mwanawe alichagua katika siku tano ile moja ambayo hakuna mzazi angeibishia, akamwacha binti wa watu bila kuonekana mbaya. Na yeye mama akaambiwa ni binti ndiye aliyekataa. Aliuacha moto ukazimika.

"Mbona hakusema tu kwamba hakutaki?" akauliza.

"Sijui, Mbok."

"Kesho nitakwenda na wewe. Nitamvuta sikio mbele yako, kisha atakuoa."

Warsini alilia hapo. Na ndani ya kilio chake, niseme ukweli, kulikuwa na furaha, kwa sababu mtu aliyependa ni mjinga, na yeye alishaanza kumsamehe kabla hata hajasikia sababu.

Sababu waliikuta Solo, barabarani. Mbok Nah alitaka kumnunulia Bulik Tumi, mwenyeji wake, mchele kidogo, aibu kufika mikono mitupu, basi Warsini akampeleka kwenye duka la mgao la Pak Dirjo. Duka lilikuwa limefungwa. Wanawake wamejaa mbele ya mlango na makopo yao matupu, wananung'unika. Wakaambiwa Pak Dirjo leo hapimi mchele, anapokea posa ya binti yake Endang.

"Anaolewa na nani?" Warsini aliuliza, ingawa alishajua.

"Mwalimu mmoja mwembamba, mpiga gitaa. Huyo sasa njaa anaisikia kwenye redio tu."

Mwingine akadakia kwamba tayari amepewa kazi ya ukarani kwenye ghala la Pak Dirjo, shule ameiacha. Wakacheka kicheko kibaya cha watu wenye njaa.

Mbok Nah akamshika Warsini mkono, wakazunguka nyuma ya duka, kwenye nyumba. Gramafoni ilikuwa inaimba. Sebuleni wageni wameketi, na harufu ya wali wa nazi na kuku ilikuwa nene kiasi kwamba Warsini alikumbuka hajala tangu asubuhi. Jito alikuwa katikati, kwenye nguo mpya ya batiki. Alipomwona mama yake mlangoni, na nani yuko naye, uso wake ulipauka.

"Huyu ni mama yangu," alisema haraka, akisimama. "Niliwaambia anaumwa. Mungu kamponya."

Pak Dirjo alikuwa mtu wa adabu nyingi. Alimkaribisha Mbok Nah kwenye kiti kikubwa, akamtaka radhi kwa kuanza bila yeye, akasema kwa Kijawa cha heshima kwamba ni baraka kubwa mama mzazi kufika, kwani kuna jambo lilibaki kuthibitishwa na yeye tu.

"Binti yetu ni wa Legi," alisema. "Mwanao ametuambia ni Wage, na mzee wetu hapa amepiga hesabu, imekaa vizuri. Lakini siku ya mtoto ni ya mama kuitaja. Tunaomba tuisikie kwako, Mbok."

Mtu akanyanyua sindano ya gramafoni.

Jito hakumtazama Warsini. Alimtazama mama yake, midomo imefungwa. Na Warsini alimtazama mama yule yule, akijua kwamba neno moja likitoka pale posa imevunjika, na Jito hana pa kwenda ila kwake. Aliona vidole vya Mbok Nah vikigusana kimoja kimoja kwenye mapaja, anahesabu. Kisha vikatulia.

"Wage," Mbok Nah alisema.

Watu wakashusha pumzi. Pak Dirjo akainamisha kichwa kwa shukrani. Wanawake wakaanza kuleta sahani, lakini Mbok Nah alikataa kwa upole, akasema tumbo bado halijapona, akainuka. Warsini akamfuata kama mtu aliyepigwa.

Jito aliwakimbilia mpaka kwenye geti.

"Mbok, asante. Nitakutumia mchele, gunia zima, naapa."

"Rudi ndani, wageni wanakusubiri."

"Kwa nini, Mbok?" Ni Warsini aliyeuliza. "Ulisema utamvuta sikio. Ulikuwa na neno mdomoni."

Mbok Nah alimtengeneza mwanawe kola iliyokuwa imepinda. Akasema bila kupandisha sauti kwamba angesema Kliwon wangemfukuza kama mbwa, mwongo mbele ya watu, na kazi isingekuwepo wala shule isingemrudisha. Angekufa njaa na aibu. Halafu akaongeza, kama anataja hali ya hewa:

"Na Kliwon kwa Legi, mama wa mume hamalizi mwaka. Hiyo si kitu. Mimi nimeshaishi."

Warsini alimgeukia Jito.

"Ulilijua hilo?"

Jito akatazama chini.

"Mas, nakuuliza. Ulijua kwamba kwa hesabu hiyo mama yako anakufa?"

"Sini, hizo ni imani za kale," alisema. "Tuko mwaka wa sitini na moja. Watu wanarushwa angani na kurudi. Nani bado anaogopa siku za soko?"

"Na mimi je? Uliponiacha pale dirishani, nilikuwa mwaka gani?"

Jito akaangalia nyuma, kule kwenye sahani, na jibu lake likawa hilo. Alisema tu kwamba Warsini hajui maana ya kulelewa kwa makopa, kwamba angekula makopa mpaka lini, na kwamba kumpenda alimpenda, Mungu ni shahidi. Warsini akaona kwamba ni kweli, alimpenda. Hilo ndilo lililomuuma kuliko uongo. Mapenzi yalikuwepo, yakapimwa kwenye mizani ya Pak Dirjo, yakaonekana mepesi.

"Usiniite Sini tena," akasema. "Mimi ni Warsini. Nenda kale."

Akaenda. Walimsikia akicheka ndani kabla hawajafika kona.

Wanawake wale wawili walikwenda hadi soko la vitambaa. Warsini alifikiri mama yule anatafuta kivuli, akatafuta naye, kumbe mwenzake alishasimama kwenye kibanda kimoja na kushika pindo la kitambaa cheupe, kile kisicho na ua wala mstari. Alikuwa anakisugua kwa kidole gumba kama anayenunua nguo ya sikukuu.

"Hiki bei gani siku hizi?"

"Rupia thelathini yadi, Mbok," muuzaji akajibu. "Unamnunulia nani? Poleni kwa msiba."

"Ni changu."

Muuzaji akakohoa. Biashara ni biashara, na alikuwa na watoto.

"Basi chukua leo, Mbok. Jumatatu kinapanda."

Mbok Nah akaanza kufungua fundo la pesa kwenye ncha ya mtandio wake. Warsini akaufunika mkono ule kwa mikono yake miwili. Alisema hawanunui kitu hapa, waende nyumbani kwa Bulik wakapike, atakaa nao kadiri atakavyo, hakuna anayekufa. Alisema hivyo na mwenyewe hakuamini, maana naye alikuwa binti wa Solo na alizijua hesabu.

Mbok Nah alimwacha amalize. Kisha akautoa mkono wake polepole, akaendelea kulegeza lile fundo.

"Niache ninunue, mwanangu," alisema. "Huyu bwana hasemi uongo. Kitapanda."