Mfuko Ulioshonwa

Jua lilikuwa limeanza kushuka nilipoteremka ghorofa za chini za meli kwenda kumtafutia mume wangu suti.

Safari yenyewe alitulipia binti yetu, baba yake alipostaafu udereva wa malori. Meli ya kifahari kwelikweli, ina lifti na mazulia kila mahali. Maelezo nilikuwa nimeyasoma mapema: usiku wa nahodha ni usiku rasmi, wanawake gauni refu, wanaume suti nyeusi na tai ya kipepeo, na asiyevaa hivyo haingii ukumbi mkubwa. Gauni langu nilijishonea mwenyewe, maana mimi ni fundi cherehani tangu usichana wangu. Yeye alipakia mashati ya mikono mifupi na suruali za kaki.

"Tumbo langu lenyewe ni rasmi," alisema akijipigapiga.

Nikamwambia tumbo halipigi picha na nahodha.

Chumba cha mavazi ya kuazima kilikuwa mwisho wa korido nyembamba, pamoja na pasi za mvuke. Mtunza mavazi, mzee mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni, alikuwa amezingirwa na wanawake waliotaka magauni yao yapigwe pasi palepale, kila mmoja akidai yeye ndiye wa kwanza. Hakupata hata nafasi ya kuniangalia.

"Suti zimetundikwa pale, mama. Chukua za kamba ya mbele. Za mbele tu, tafadhali."

Nikapekua kamba ya mbele. Zote za vijana wasio na kiuno. Na mimi mtu akiniambia "za mbele tu", jicho linakwenda nyuma. Ndivyo nilivyo, na mume wangu ameshachoka kulalamika. Nikasogeza pazia lililoificha kamba ya nyuma...

Suti moja, peke yake.

Nyeusi, sufu nzito, kola ya hariri, kazi ya fundi hasa. Nikapima mabega kwa shubiri. Sawasawa. Nikapima kiuno. Sawasawa tena, utadhani aliyeishona alimpima mume wangu akiwa ameshiba.

"Nimepata!" nikapaza sauti. Mtunza mavazi akapunga mkono ndani ya mvuke bila kugeuka.

Chumbani kwetu nikaitandaza kitandani. Mifuko ya koti ilikuwa imeshonwa midomo. Hilo halikunishangaza. Suti mpya huja na mifuko imefungwa kwa uzi ili koti lisipoteze umbo, na kila suti inayopita mikononi mwangu huwa naifumua mifuko kabla mteja hajavaa. Ni mazoea tu, kama mwingine anavyofuta miguu mlangoni. Nikatoa kimkasi changu kwenye mkoba.

Lakini uzi wa kiwandani huwa mmoja, mwepesi, ukiuvuta unakuja wote. Huu ulikuwa mweusi, umekunjwa mara mbili, umeshonwa kwa mkono, na kila mshono ulikuwa na fundo lake. Hakuna fundi anayefunga mfuko hivyo. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilikuwa nasikia mume wangu bafuni akiimba, na muda ulikuwa unatukimbia. Nikaanza na mfuko wa kulia.

Fundo la mwisho lilipokatika, koti likashuka kidogo pale kitandani. Kama mtu aliyeshusha pumzi...

Harufu ikatoka. Maji ya chumvi, na kitu kilichokaa ndani ya maji hayo muda mrefu.

Nikaingiza vidole viwili. Mfuko ulikuwa mtupu. Bitana ilikuwa baridi, ina unyevunyevu. Nikaikausha kwa taulo, nikapuliza manukato, nikauacha mfuko wa pili kama ulivyo, nikamvalisha.

Jamani, alipendeza! Nilimpenda upya, nasema kweli.

"Fundi," akaniambia mbele ya kioo, maana hivyo ndivyo anavyoniita, "kumbe umeolewa na mtanashati muda wote huu, na hukuniambia."

Akatia mkono wa kulia mfukoni, kwa mbwembwe kama bwana harusi.

Hakuutoa tena.

Mwanzoni nilidhani ni maringo. Kwenye foleni ya picha, mpiga picha akamwomba autoe mkono mfukoni kidogo. Mume wangu akatabasamu tu, mkono ukabaki palepale. Mezani ikaletwa supu. Akashika kijiko kwa mkono wa kushoto, ikamwagika kwenye kitambaa cheupe. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Watu wamekaa hapa na vito vyao shingoni, na wewe unakula kama mtoto!

Akanisogelea sikioni. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo.

"Fundi... usipige kelele."

"Nini?"

"Kuna mtu amenishika mkono."

Nikataka kucheka. Kisha nikamwona macho. Nikapeleka mkono wangu chini ya meza, nikaugusa mfuko kwa nje, taratibu. Nikavihisi vidole vyake. Navijua, vifupi, vinene, vya kukamata usukani. Na kati ya kidole na kidole...

Vilikuwepo vingine.

Vyembamba. Baridi yake ilipenya sufu yote ile. Kimoja kikajikunja chini ya kiganja changu, polepole, kikijipanga vizuri.

Nikauma midomo nisipige yowe. "Vua koti," nikanong'ona.

"Hataki. Kila nikivuta anakaza. Anataka twende nje."

Akainuka. Bega la kulia lilitangulia mwili mzima, na ukimtazama unajua kabisa kwamba haendi, anapelekwa. Nilimfuata nikikanyaga gauni langu mwenyewe. Wageni walitabasamu, walidhani wazee wameamua kupunga upepo. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye pindo la koti. Tone... tone... juu ya zulia.

Nje sitaha ilikuwa tupu. Mchana ulikuwa umebakiza mstari mwekundu tu juu ya maji. Mume wangu akafika ukingoni, akapandisha mguu mmoja.

Nikamkumbatia kiunoni kwa nguvu zangu zote. Mimi si mwanamke mwepesi, na sijawahi kushukuru hivyo maishani mwangu. Hata hivyo tulikuwa tunaburutwa, sote wawili. Nilimwomba Mungu aniachie mume wangu. Niliomba kwa sauti, bila aibu.

Nyuma yetu mlango ukafunguka kwa kishindo. Mtunza mavazi. Alikuwa anahema, futi inampigapiga kifuani. Alikuwa ameikuta henga ya ile suti tupu.

"Ulifumua?"

"Mmoja tu!"

"Shona."

Akachomoa sindano kwenye kola ya shati lake. Ilikuwa tayari na uzi. Mweusi, umekunjwa mara mbili.

"Mkono wake umo ndani! Nipe mkasi, nilikate koti."

"Tulishakata, mara moja," alisema. "Mkono wa mgeni aliyelivaa ulikwenda nalo."

Sikuuliza zaidi. Nikachukua sindano.

"Haogopi mkasi, mama. Anaogopa kufungiwa. Shona mpaka umfikie mkononi, na kila mshono uupige fundo."

Yeye akamshika mume wangu mabega, mimi nikashona. Fundo. Mshono. Fundo. Sindano ilinichoma, ikamchoma na mume wangu. Mfuko ulikuwa unafura na kunywea chini ya vidole vyangu.

"Usiniache, fundi," mume wangu alisema. Alikuwa analia bila sauti, na mimi sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake.

"Nani anakuacha? Tulia nishone."

Nikaufikia mkono. Nikavuta uzi ukabana.

Mara tukaanguka chali, wote watatu. Mkono ulikuwa nje. Mweupe, umekunjamana kama wa mtu aliyefua mchana kutwa. Mtunza mavazi akarukia koti, akapiga mshono wa mwisho, akakata uzi kwa meno.

Ndani ya mfuko kitu kikagonga. Ngo... ngo... ngo. Kwa adabu, kama mgeni.

Kisha kimya.

Tulipomvua koti, mtunza mavazi alilikunja mikononi kwa uangalifu. Nikamuuliza ni nani yule.

"Wanasema zamani kulikuwa na bwana na mkewe. Usiku rasmi kama huu. Mke aliteleza hapa, akaning'inia, bwana amemshika mkono." Akatazama maji. "Akamwachia. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti hili, akarudi ndani kula."

"Na kwa nini mnaiweka suti hiyo?"

"Tuliitupa baharini. Asubuhi tukaikuta kwenye kamba ya nyuma. Imepigwa pasi."

"Lakini mume wangu je? Yule mwanamke... amemwachia?"

Akautazama mkono wa mume wangu. Akaangalia pembeni upesi mno.

"Huwa anaachia," alisema.

Tulishuka bandari iliyofuata, tukarudi nyumbani. Mkono wa kulia wa mume wangu ulibaki umekunjika nusu. Haufungi, haufunguki. Daktari aliupiga picha, akaubonyezabonyeza, akasema ni mishipa, utazoea. Yeye halalamiki. Ananitania kama zamani, anashika kijiko kwa mkono wa kushoto, na siku hizi supu haimwagiki.

Jana mchana nilimkuta barazani amesinzia kitini, mkono umelala juu ya paja. Nilimwonea huruma. Nikasogeza kiti, nikakaa upande wake wa kulia, nikajaribu kupenyeza vidole vyangu kwenye kiganja chake.

Havikupata nafasi.

Nikajaribu tena, taratibu. Kulikuwa na baridi pale, na kitu kikanisukuma. Si kwa nguvu. Kama unavyomsukuma mtu aliyekosea kiti chake.

Mume wangu hakufumbua macho.

"Kaa upande wa pili, fundi," akasema kwa upole.

Nikahamisha kiti.