Sufuri Niliyoliandikia Boksi Namba Saba

"Namba saba... ni ya mdogo wako."

Mwenyekiti aliniambia kwa sauti ya chini, bahasha mkononi.

Wapenzi wasomaji, ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, mjue nilivyojichimbia shimo mwenyewe.

Mimi ni mkutubi. Kila Jumamosi, katika chumba cha juu cha maktaba yetu hukutana watu wanaobuni michezo ya mezani kwa kupenda tu. Karata, dadu, vibao vilivyochorwa kwa mkono. Mwaka huu tukaandaa shindano. Majaji watatu: mimi, fundi saa ambaye ndiye mwenyekiti, na muuguzi mmoja.

Kanuni nilizitunga mimi. Juu ya boksi hakuna jina, namba tu. Jina linakaa kwenye bahasha. Na kila jaji aucheze mchezo mpaka mwisho ndipo aandike alama.

Nilijiona mama wa haki kabisa.

Siku ya kupima nikafungua namba saba.

Kwenye ubao umechorwa mtaa wetu wa zamani. Ukuta wa bluu, bomba la maji, mpaka kibanda cha cherehani. Wachezaji wanamsaidia mama aliyepoteza kumbukumbu arudi nyumbani. Kila raundi karata moja inafunikwa, ukumbuke ilikuwa nini.

Huyo ni mama yangu, jamani. Ugonjwa huo ndio uliomchukua mwaka jana.

Na mimi nilikuwa nachora mchezo kama huo kwenye daftari. Nilimwonyesha mtu mmoja tu, shoga yangu Kidoti. Naye alikuwa ameingia shindanoni.

Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Nikafunika boksi.

Muuguzi akashangaa. "Mbona unafunika? Hatujacheza."

"Nimeshauona."

"Kuuona si kuucheza, dada yangu."

"Chezeni nyie."

Nikaandika. Sheria, sufuri. Utamu, sufuri. Ubunifu... hapo kalamu ilitoboa karatasi.

Wiki nzima Kidoti akinisalimia, naangalia pembeni.

Matokeo yakatoka. Mshindi, namba tatu, mchezo wa mwewe na vifaranga. Nililipenda sana boksi lile, nililiandikia tisa kila mahali. Bahasha ikafunguliwa.

Kidoti.

Namba saba, wenzangu waliliandikia karibu alama zote. Sufuri zangu ndizo zilizolivuta mpaka mkiani. Na mwenye namba saba alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mdogo wangu, fundi friji. Hatukuwa tumeongea tangu msiba. Nilimfukuza mbele za watu kwa kutokuja kumuuguza mama, na simu zake sikuwahi kupokea.

Ndani ya bahasha yake mlikuwa na kikaratasi.

"Dada, nimesikia majaji lazima wacheze mpaka mwisho. Ukifika karata ya mwisho utajua kwa nini sikuonekana."

Nikalifungua boksi. Karata ya mwisho ilikuwa na mwandiko wake:

"Mama alinisahau mimi kwanza. Kila nikija alilia akidhani ni mwizi. Nikawa nakaa benchi la ng'ambo ya barabara, namwangalia mpaka unaporudi toka kazini."

Nilimfuata mlangoni.

"Mdogo wangu... sikujua."

"Hukucheza," alisema taratibu.

"Nisamehe."

"Mama alinisahau kwa ugonjwa, dada. Wewe ulikuwa mzima."

Akachukua boksi lake, akashuka ngazi.

Kidoti nimemwomba radhi, amenipokea. Ujaji nimeuacha. Mdogo wangu nampigia kila siku, inaita mpaka inakata, na safari hii mwenye kosa ni mimi.

Ndugu zangu, kuficha majina hakutoshi kuleta haki kama mwenye kalamu ameshahukumu moyoni. Msikilize mtu mpaka amalize. Mimi nilitunga kanuni hiyo, nikawa wa kwanza kuivunja, na nimempoteza ndugu niliyebaki naye.