Barafu ya Baba Kanini

Nilifika Kambu saa kumi na moja jioni, begi la spana begani na vumbi la barabara mdomoni. Kazi ilikuwa ndogo. Mashine ya barafu inazima, iangalie, kisha urudi Malili usiku huohuo. Miaka tisa nimefanya kazi ya friji. Nimetengeneza za bucha, za maziwa, hata za mochari mbili. Mimi Mutindi si mtu wa kuogopa baridi.

Nasema hivyo mjue niliingia pale nikiwa mtu wa namna gani.

Mwenye depo ya samaki alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, jina lake Kaveke. Watu walimwita Mama Kanini, kwa jina la binti yake aliyeolewa Nairobi. Alikuwa amevaa sweta nzito, na jua la siku hiyo lilikuwa la kukaanga mayai juu ya mabati.

"Mwaitu, inasumbua wapi?" nilimuuliza, kwa heshima tunayompa kila mama wa rika la mama zetu.

"Mchana haisumbui. Inafanya tu vizuri. Jua likizama, inazima. Inakaa hivyo karibu saa nzima. Halafu inajiwasha yenyewe."

"Kila siku?"

"Kila siku. Fundi wa kwanza alibadilisha mota. Wa pili akabadilisha sensa. Wa tatu..." Akaangalia mlango. "Wa tatu aliacha spana zake hapa. Hajawahi kuzirudia."

Nilicheka. Mafundi wengine ni wavivu tu.

Mashine yenyewe si ngumu kuielewa. Ndani mna pipa la chuma lenye baridi kali. Maji yanateremka kwenye ukuta wa pipa, yanaganda, na kisu kinachozunguka kinayakwangua. Barafu inaanguka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, hadi kwenye sanduku kubwa lililo chini. Sanduku la Mama Kanini lilikuwa kubwa kama kitanda cha watu wawili. Karibu na mdomo wa sanduku kuna sensa, jicho dogo la taa. Barafu ikijaa ikaliziba jicho, mashine inazima. Ikipungua, inawaka.

Niliosha vumbi lililoziba mapezi ya nyuma yanayotoa joto. Nilikwangua magadi yaliyoachwa na maji ya kisima, maana maji ya huku yana chumvi. Nikapima gesi, nikaangalia makali ya kisu, nikatia grisi kwenye beringi zinazokizungusha. Mwisho nikaweka kiganja mbele ya jicho. Mashine ikazima. Nikatoa kiganja, nikahesabu hadi thelathini. Ikawaka.

Haikuwa na ugonjwa wowote.

"Sasa tungoje jua," nikasema.

Mama Kanini hakutaka kungoja ndani. Alichukua kiti chake, akakitoa nje. Pale mlangoni akageuka.

"Ikizima, usifungue sanduku."

"Nisipofungua nitajuaje shida?"

Alikivuta kiti hadi mbali, karibu na barabara, akakaa akiwa ameipa depo mgongo.

Nilibaki na mashine. Kompresa ilinguruma. Kisu kilikwangua... krrr... krrr... Barafu ikawa inaanguka kwa sauti laini, kama mtu anayepepeta mahindi. Nilichungulia sanduku. Lilikuwa limefika nusu tu. Nikafunga mlango wake.

Mwanga wa dirishani ukawa mwekundu. Kisha ukawa wa kijivu.

Ndipo nikasikia barafu ikikandamizwa.

Haikuwa sauti ya barafu inayoanguka. Ilikuwa sauti ya kitu kizito kinachojilaza polepole, kikitafuta mahali pazuri. Kikageuka. Kikatulia.

Mashine ikazima.

Kimya kilinijaa masikioni. Nikaangalia kitaa cha sensa. Chekundu. Maana yake ni moja tu: sanduku limejaa. Na mimi nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, nusu.

Kazi ya sensa ni kusema kuna kitu au hakuna kitu. Hii ilikuwa inasema kipo.

Nilifungua.

Hewa ya moto ilinipiga usoni. Moto, kutoka ndani ya barafu! Ilikuja na harufu ya jasho la mgonjwa na mafuta ya kuchua kifua. Nikawasha tochi ya simu. Juu ya barafu palikuwa na umbo la mtu aliyelala chali. Kichwa. Mabega mapana. Mgongo. Visigino viwili, vimezama sana. Hakukuwa na mtu. Lakini kwenye kingo za lile umbo vipande vya barafu vilikuwa vinapanda... vinashuka. Vinapanda... vinashuka.

Lile umbo lilikuwa linapumua.

Kando yake palikuwa na umbo la pili. Fupi, jembamba. Hili halikupumua. Lilikuwa tupu kabisa, kama kitanda kilichotandikwa.

Kisha ikaja sauti. Kavu, ya mtu mwenye midomo iliyopasuka.

"Ongeza..."

Sikumbuki nilivyofika nje. Nakumbuka tu nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kile kiti, na Mama Kanini alikuwa ananitazama bila kushangaa.

"Amekuambia nini?" alinong'ona.

"Ongeza."

Alifumba macho.

"Ni Nzau," akasema. "Baba Kanini. Mwaka wa pili huu. Alishikwa na homa hapo nyuma, kwenye chumba chetu. Mwili ulikuwa unawaka. Nikawa namwekea barafu kifuani, miguuni, inayeyuka kabla sijageuka. Gari la hospitali tulikuwa tumelingoja tangu saa nane. Jioni lori la samaki likafika. Barafu iliyobaki ilikuwa kidogo. Akaniambia, ongeza. Nikamwambia, Baba Kanini, hii ni ya samaki, ngoja kidogo. Nilipomaliza kupanga samaki, hakuwa anangoja tena."

"Na kanisani umewaambia?"

"Mchungaji alikuja. Akaomba, akaupaka mlango wa sanduku mafuta. Mashine ilizima tukiwa bado tunasema amina."

"Mbona ukaniita sasa, baada ya wakati wote huo?"

"Baada ya wale mafundi watatu nilikuwa nimemzoea. Alikuwa analala, anaondoka. Lakini tangu Jumapili..." Alijivuta ndani ya sweta. "Umeona kile kitanda kingine?"

Nilimshika mkono kumwinua. Nikauachilia mara moja. Mkono wake ulikuwa unachoma kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Mwaitu! Wewe ni mgonjwa!"

"Ni uchovu tu." Meno yake yalikuwa yanagongana. Alisimama mwenyewe, akaanza kutembea kurudi depo. Alitembea haraka, kama mtu aliyeitwa. "Kuna baridi nzuri mle. Nilale kidogo tu. Dakika kidogo."

Nilimfikia alipokuwa ameshatia mguu mmoja ndani ya sanduku. Nilimvuta kiunoni. Mwanamke mwembamba, na nguvu alizokuwa nazo zilikuwa za fahali. Alinipiga kiwiko mdomoni. Nikaonja damu.

"Niache! Ananiwekea nafasi!"

"Ongeza..." ikasema sauti. Sasa ilikuwa karibu. Ilikuwa kwenye shingo yangu.

Na ndipo nikafikiri kama fundi, kwa sababu sikuwa na kitu kingine. Mtu huyu anaomba barafu. Akija, analala mbele ya jicho. Jicho linamwona, mashine inazima. Kila jioni anakuja kuomba, na kila jioni anajinyima mwenyewe.

Nilimbana Mama Kanini ukutani kwa bega. Kwa mkono mmoja nikang'oa waya za sensa, nikaziunganisha ncha kwa ncha ili mashine isione chochote, ijaze tu. Kilichobaki ni swichi.

"Mpe wewe," nikamwambia.

Wakati uleule honi ililia nje. Lori la samaki. Dereva, Mbuvi, akaita kwa sauti ya kila siku, "Mama Kanini! Toa barafu, samaki wanaharibika!"

Mama Kanini aliganda. Macho yake yakaenda mlangoni, yakarudi kwenye sanduku. Honi ikalia tena. Nilimwona akirudi kwenye ile jioni nyingine, akisimama palepale.

"Leo si ya samaki," akasema.

Akabonyeza swichi.

Kompresa ikanguruma. Kisu kikazunguka. Barafu ikaanza kumwagika juu ya yale maumbo mawili, kwanza miguuni, kisha kifuani.

"Chukua, Baba Kanini," alisema, machozi yakimtiririka. "Chukua yote. Sitakuambia ungoje."

Kitanda kidogo kilijaa kwanza. Kikasawazika, kikapotea. Mama Kanini akalegea mikononi mwangu kama nguo iliyoloa.

Tulimpakia kwenye lori, mimi na Mbuvi, katikati yetu, na samaki nyuma. Mbuvi aliendesha akiwa amewasha taa zote, honi haikukatika mpaka lango la hospitali. Malaria, daktari alisema. Akapima joto, akakitikisa kipimo, akapima tena. Alisema tungechelewa kidogo tu, angetukabidhi maiti.

Samaki wa siku ile walioza wote.

Asubuhi nilirudi Kambu peke yangu. Kulikuwa na kazi ambayo fundi hawezi kuiacha: mashine bila sensa haijui kusimama. Itajaza sanduku, barafu ipande hadi kwenye kisu, kisu kivunjike. Nilitarajia kukuta chuma kimepasuka na mlima wa barafu sakafuni.

Nilisikia mashine nikiwa bado barabarani. Krrr... krrr... Ilikuwa inafanya kazi bila kupumzika. Usiku kucha. Zaidi ya nusu tani ya barafu.

Nilifungua sanduku.

Lilikuwa tupu.

Niliangalia sakafu, hakuna maji. Nikapiga magoti nikaangalia bomba la kutolea maji. Kavu, na buibui alikuwa ametanda utando mdomoni mwake. Vipande vya barafu vilikuwa vinaanguka kutoka kwenye kisu, na havikufika chini. Nikaingiza mkono hadi kwenye bati la sanduku. Lilikuwa la moto.

Nilirudisha sensa. Nikazima mashine. Nikafunga begi.

Mama Kanini alikaa wodini siku sita. Nilimtembelea siku ya tatu, nikamkuta ameketi, anakunywa uji, uso umetulia kama wa mtu aliyelipa deni la roho. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Fundi, niambie ukweli," alisema polepole. "Sanduku lilijaa?"

Nilimtazama.

"Lilijaa, mwaitu," nikasema. "Lilijaa mpaka likamwagika."